Mashine ya Tatu Inagonga

Alhamisi, Mbale. Wingu limekalia mlima Wanale tangu asubuhi, na umeme wa mji huu likishuka wingu tu unakimbia.

Shajara, mashine ya tatu inagonga. Ka, ka, kimya, halafu ka. Ni diski ya ndani ya kompyuta. Mimi nilikuwa fundi wa redio jeshini, ndiyo maana ofisi nzima inaniita Afande, na masikio yangu yanajua chuma kinachoaga.

Ofisi yetu ni ya dawa za kifua kikuu. Mashine hii ndiyo ina majina ya wagonjwa wote wa milimani: nani anakunywa dawa, anakaa wapi, arudi lini. Asiporudi, tunamfuata kwa pikipiki. Kadi za karatasi? Kompyuta zilipofika, Bosi aliziuza sokoni, karatasi za kufungia. Juzi nimenunua njugu zimefungwa ndani ya mgonjwa.

Shule ilinishinda mapema, lakini kanuni zangu nimezibandika ukutani. Usizime mashine kwa kung'oa waya. Kila Ijumaa toa nakala kwenye disketi, upeleke mji mwingine, moto ukija usikute vyote pamoja. Na usiifunike ikiwa inafanya kazi. Hiyo ya mwisho Nambozo, karani wetu, haisomi. Kila asubuhi anaivisha kitambaa alichofuma mwenyewe, kama redio ya sebuleni. Natoa, anarudisha. Anasema mashine uchi haipendezi. Nikamwambia basi aifumie na suruali.

Imepikika humo ndani miezi yote hii.

Leo nimemwomba Bosi tusimamishe kazi, ninakili majina.

"Afande, hayo ni mafua tu. Wageni wa Kampala wanakuja kesho, ripoti ichapwe."

"Bwana mkubwa, mafua haya yanazika."

"Si nakala ziko Jinja?"

Ziko Jinja. Nimempigia simu Isabirye, karani wa ofisi yetu ya huko, afungue hata moja nisikie.

"Ziko salama, mzee. Zote ziko ndani ya faili."

"Umezitiaje?"

"Kama barua. Nimetoboa matundu mawili, nimepitisha kamba."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Disketi ikitobolewa haisomeki tena. Zote. Kila Ijumaa.

Basi nimemwambia Bosi utepe wa printa umekwisha. Haujakwisha, umo mfukoni mwangu. Ametoka kwenda kuutafuta madukani, mvua imkawize huko. Kitambaa cha Nambozo nimekikalia. Naandika haya huku disketi ya kwanza ikijaa, na ya pili naishika mkononi. Siwezi kuizima mashine ipumzike, pengine haitaamka. Siwezi kuiacha hivi, taa zimeanza kupepesa.

Disketi ya tatu sasa. Faili za bondeni zimeingia zote. Bado watu wa juu, wale ambao pikipiki yenyewe huwafikia kwa kusukumwa.

Kioo kimeandika jina la faili yao, halafu basi.

Mlio umekoma.

Taa ya kijani inawaka. Nimeweka sikio kwenye bati, bado lina joto. Nje ngurumo imeanza, ndani hakuna kitu. Sijawahi kuitamani sauti mbaya namna hii. Gonga, mama, gonga tena mara moja.

Sigusi kitu. Bosi akirudi na utepe wake, nitamwambia avue viatu, akae chini, anisaidie kusikiliza.