Mahamri ya Bibi

Kakuyuni, Juni 1986

Mume wangu Baya,

Pokea salamu zetu. Mvua imenyesha, muhogo umeshika. Sote tu wazima, isipokuwa mwanetu Mapenzi. Daktari alimkataza ngano kabisa, nami nampikia vibibi vya mchele na muhogo. Lakini mama yako anasema, "Mjukuu wangu anakonda kwa kunyimwa." Nikienda kuteka maji, humlisha mahamri. Tumbo humvimba, anaharisha, halafu naambiwa ni chakula changu. Nimemweleza kwa adabu, hasikii. Omba ruhusa hapo hotelini Kikambala uje useme naye; wewe ndiye mwanawe.

Jana niliwakuta mkekani, Mapenzi anatafuna, wanacheka. Tangu augue sijamsikia akicheka vile. Nilishindwa kumpokonya.

Mkeo akungojaye,
Kache