Kilio Changu Ndani ya Sinema Yako

Maskati,
Jumapili

Kwa ndugu yangu Wanyonyi,

Mimi ni mzima. Najua barua huanza kwa kumuuliza mwenzako hali, lakini leo nimetanguliza yangu kwa sababu ni siku nyingi hujaiuliza. Nyanya ninayemtunza huku hajambo, ila miguu yake bado inakataa kumbeba. Joto limeanza kupungua. Natumai kile kikohozi chako kimepona, maana nataka uisome barua hii ukiwa na nguvu zako zote.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nimempa Chebet, yule msichana wa Molo niliyekuambia habari zake, anayerudi nyumbani likizo. Nimemwagiza aingie ndani ya ukumbi wako wa video hapo Bondeni na akupe mkononi, si kumwachia mtu. Ningeweza kukutumia ujumbe wa sauti kama zamani, lakini sauti yangu hutaipata tena. Nadhani umeshajua ni kwa nini.

Ijumaa ndiyo siku yetu ya mapumziko. Tunakutana wanawake watano kutoka Kenya kwa Mwende, mama mmoja wa Machakos anayepika katika nyumba kubwa na aliyepewa chumba chake chenye televisheni. Kila mmoja huja na chakula kidogo na sinema moja, halafu tunapiga kura. Sinema ikiisha hakuna kuondoka mpaka kila mtu aseme alivyoiona. Hapo ndipo penye utamu, kwa sababu tunararuana vizuri sana. Kuna Ijumaa Mwende na Chebet walinuniana wiki nzima kwa ajili ya bwana harusi wa kwenye sinema ya Kihindi, eti angeoa nani.

Juzi mimi ndiye niliyelazimisha yako. Mwende hawapendi kabisa madijei wa kutafsiri sinema.

"Hiyo si kutafsiri, ni kelele," alisema. "Mtu anapigwa risasi, dijei anaongea mambo ya chapati."

"Huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja," nikamwambia. "Anafanya sauti zote peke yake, mpaka ya mbwa. Angalia dakika kumi, ikikushinda tutatoa."

Chebet aliniunga mkono, maana yeye ni shabiki wako wa kufa, yumo hata katika lile kundi lenu la simu ambapo watu hugombana kuhusu sinema mchana kutwa. Tukashinda kura. Nikakaa mbele kabisa, nikasogeza kiti ili nisikose neno.

Sinema yenyewe unaijua kuliko mimi. Tajiri mwenye jumba, mtumishi wa kike anayefungiwa stoo chini ya ngazi, na yule kaka yake wa kupiga mateke anayekuja kumtafuta. Jumba ukalihamishia Milimani kwa matajiri. Kaka mtu ukamfanya wa mtaa wa Kihoto kule kando ya ziwa, aliyekimbia mafuriko na godoro kichwani. Tulicheka, siwezi kukataa. Hata Mwende alicheka hapo kwenye godoro akajifanya anakohoa. Nikawa naringa, nawaangalia mmoja mmoja kuona kama wamekubali kwamba kwetu tuna kipaji.

Halafu mlango wa stoo ukafungwa, yule msichana akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Nimechoka mimi. Wamenifungia, sijui watafungua saa ngapi. Usimwambie Mama. Tafadhali, usimwambie Mama."

Jina lako ulilikata, ila ile kamasi niliyovuta katikati uliiacha. Kisha ukaingia na sauti yako ya kuchekesha: "Mama mwenyewe ako church, anaombea simu ipate bundle!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi pia mdomo wangu ulikuwa bado wazi kwa kicheko cha kabla ya hapo, na sikujua niufunge vipi.

Wanyonyi, unaukumbuka ujumbe ule. Ni wa mwaka wangu wa kwanza huku, katika ile nyumba ya kwanza, siku niliyoomba pasipoti yangu na mwenye nyumba akanifungia stoo mpaka kesho yake. Simu nilikuwa nimeificha ndani ya soksi. Katika dunia nzima nilikutafuta wewe peke yako. Na haki yako nakupa: ulimsumbua ajenti mpaka nikahamishwa, hukulala, hukula. Nilikuwa nikisema kila siku kwamba Mungu alininyima mengi lakini ndugu alinipa. Kumbe uliuweka ujumbe ule mahali kama mtu anayeweka kiporo.

Mama hakutaka nije huku, na unajua presha yake ilivyopanda siku binti wa jirani aliporudishwa akiwa hajitambui. Ndiyo maana tulikubaliana, mimi na wewe, kumwambia kwamba watu wa nyumba ya kwanza walihama nchi, basi. Miaka mitatu nimeulinda uongo huo. Hata nikiwa na homa nilikuwa nakunywa maji kwanza ndipo nipokee simu yake, koo lisinisaliti.

Sinema ikaendelea. Kaka alipofika alimkuta dada yake amekufa, na wewe ukatangaza kifo hicho kama bao la dakika ya mwisho. Ikaisha. Ikaja zamu ya maoni.

Chebet alianza, macho yanamng'aa. "Mimi naipatia tisa juu ya kumi. Hapo kwa 'usimwambie Mama' ndio watu husema pamoja! Kule kwa group ni salamu siku hizi. Mtu akichelewa job, usimwambie Mama. Mtu akipoteza simu, usimwambie Mama."

Akatufungulia maoni ya sauti ya mashabiki wako kutoka kundi lile. Wa kwanza alikuwa mwanamume anayepakia viazi kwenye malori huko Molo: "Wasee, story ni ya ovyo, lakini huyo dem wa kulia ameweza. Analia ni kama ni ukweli." Akafuata mama mmoja mwenye sauti ya kujua mambo: "Mimi sijapenda. Kilio ni refu, wangekata hapo katikati. Na sauti haishikani na mdomo, inaonekana imebandikwa tu." Kisha kuna mmoja ambaye hakutoa maoni. Aliniiga tu, na kamasi akavuta, na nyuma yake watu wakacheka. Nilisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na pa kwenda, maana mlango ulikuwa nyuma ya Mwende.

Mwende hakutoa alama yoyote. Alisema, "Huyo wa kulia ndiye tu mtu hapo. Wengine wote wanapiga kelele." Halafu akanitazama. Nafikiri alijua, kwa sababu alichukua rimoti akazima televisheni, jambo ambalo hafanyi kamwe kabla ya saa ya kuondoka. "Na wewe Nasimiyu, umeionaje?"

Nikasema ni nzuri, ila mwishoni inachosha. Ndiyo maoni niliyotoa, Mungu anisamehe. Niliogopa kuharibu jina lako mbele ya watu, wewe ambaye kilio changu umekifanya salamu ya malori.

Nilipokupigia jioni ile hukuona haya hata kidogo. Maneno yako ninayo yote.

"Sister, relax. Si nilitoa jina? Hakuna mtu anajua ni wewe."

"Mimi najua."

"Lakini imeweza! Mimi sauti ya msichana hunishinda, huwa inatoka kama ya mbuzi. Nilijaribu wasichana watatu hapa Bondeni, wote wanalia wakicheka. Yako ndiyo ilikuwa na uzito."

"Na Mama je?"

"Mama haangalii movie, si unamjua? Tangu nifungue hii kazi hajawahi kanyaga ndani. Anasema ni ya shetani."

Nikakata simu. Nakwambia ukweli, kama ungekuwa karibu ningekuzaba kofi ambalo ungelitafsiri mwenyewe.

Ni kweli Mama hajawahi kukanyaga ndani. Lakini hebu fikiri, wewe mwenye akili. Meza ya Mama ya sukuma na viazi iko wapi? Imeegemea ukuta wako wa mabati. Wewe mwenyewe ulimwambia aiweke hapo ili watu wakitoka sinema wanunue mboga. Miaka yote hiyo hajaona picha hata moja, ila amezisikia zote. Ndiye aliyekuwa akinisimulia mimi nani alikufa na nani alioa, huku akisema ni ya shetani. Wewe umezoea kuwapimia watu sinema kwa macho, ukasahau kuna mteja wako mmoja ambaye husikiliza tu, na ndiye aliyekuzaa.

Ndipo nilipoifungua simu yangu na kutazama. Wiki tatu hizi, tangu uanze kuionyesha sinema hiyo, Mama amekuwa akinipigia mara tatu kwa siku. Saa saba, saa kumi, na saa moja jioni. Toa saa moja ili upate za huko, kisha uniambie maonyesho yako huisha saa ngapi.

Nami nilikuwa nimeanza kumchoka, Wanyonyi. Nalisha nyanya wa watu uji kwa kijiko, simu inalia, ni Mama. "Umekula?" Nimekula, Mama. "Hebu ongea kidogo." Niongee nini? "Chochote." Nikawa namjibu kwa mkato. Siku moja nilimwambia aache kunimalizia chaji. Akasema sawa, na saa kumi akapiga tena, akanyamaza kwanza, kana kwamba anahakikisha ni mimi. Mara tatu kila siku alikuwa akisikia ukuta ukilia kwa sauti ya mtoto wake, ukumbi mzima ukicheka, na mwanawe wa kiume akimtangaza binti yake kuwa amekufa. Kisha anafuta mikono kwenye leso na kunipigia.

Sasa sikiliza ninalotaka. Sitaki uniombe msamaha, na usithubutu kuja kwa Mama na soda na maneno matamu. Nakala zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu siwezi kuzirudisha, wala wewe huwezi, hata ukijiita dijei wa dunia. Lakini hapo ukumbini iondoe. Kabla hujaiondoa, ifungue mara moja ya mwisho, Jumapili Mama akiwa kanisani, mabenchi yakiwa matupu. Toka nje, kaa kwenye kiti cha Mama, weka sikio lako pale anapoegemea, na usikilize mpaka mwisho. Ukimaliza, chukua ule ujumbe wangu kutoka kwenye simu yako na uufute. Chebet atakuwa bado yuko huko. Nimemwambia ahakikishe, na siku hizi si shabiki wako tena, maana nilimweleza, akalia kuliko mimi.

Nisalimie mkeo, na umwambie nguo za mtoto ziko kwa Chebet. Nisalimie Shangazi wa mitumba, na yule mzee fundi wa viatu mwenye ukumbi wa maoni yake mwenyewe, anayeikosoa kila sinema kabla haijaanza. Kama naye anaitumia salamu ile, usimkataze. Hakuna aliyemwambia ni ya nani.

Mama usimpe salamu zangu. Nimezungumza naye mwenyewe jana. Alipopiga saa saba nilimwacha nyanya na uji wake, nikafunga mlango, nikamwambia kila kitu, stoo, pasipoti, soksi, kila kitu. Hakunikatiza. Nikamuuliza kwa nini alikaa wiki tatu bila kusema.

"Ulisema nisiambiwe," akanijibu. "Nikakaa kama mtu ambaye hajaambiwa."

Nikamwambia angalau angehamisha meza, aisogeze kule kwenye mti wa fundi asisikie. Nikasikia mtu anamuuliza bei ya sukuma, naye akamwambia asubiri.

"Siku ya kwanza niliibeba," akasema. "Nilifika nayo hapo katikati ya barabara, ukaanza kulia. Nikairudisha. Ningekuachaje hapo peke yako na watu wanaokucheka?"

Ni mimi dada yako,
Nasimiyu