Nta Sakafuni

Chemchem, Tabora
Jumapili jioni

Kwako kaka Mathias,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichokilalamikia Pasaka kiwe kimekuachia, maana mama kila akisikia habari za vumbi la mgodini anaanza kukuombea hapohapo alipo, hata kama ana sufuria mkononi. Sisi huku miili yetu ni mizima. Mvua za kwanza zimeshaanguka kijijini Ipole, mama amepanda karanga nyuma ya nyumba, na mguu wake haumsumbui kama mwaka jana. Mimi bado nimepanga chumba kilekile hapa Chemchem.

Utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia simu. Nimekupigia nikakata kabla hujapokea, kisha nikapiga tena nikakata tena, kwa sababu najijua: ningeanza kulia, ukadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Nalisema hili mwanzoni ili usome ukiwa umetulia. Shukrani, mwenzako wa mgodini, anarudi huko kesho baada ya likizo yake, naye amekubali kuibeba barua hii. Nimemwomba asikupe ukiwa kwenye mashine.

Unakumbuka tulivyogombana Krismasi? Nilikuambia makaa ya mawe mnayoyachimba yatachafua hewa ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Wewe ukanijibu kwamba jua langu linalala mapema kama kuku, na nchi yenye shida kama zetu haiwezi kulala na kuku. Ukasema waliotajirika walichoma makaa yao yote kwanza, sasa wanatufundisha sisi adabu. Nilikasirika nikaondoka mezani. Baba akacheka, akasema tunyamaze wote wawili, maana ugali tuliokuwa tunaugombania umepikwa kwa kuni. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo, kwamba kilichonikasirisha zaidi ni kujua kuwa mshahara wa makaa yako ndio ulionisomesha mpaka nikaweza kukupinga.

Nilitaka Ipole ikujibu kwa niaba yangu. Kituo cha umeme wa jua kilipowashwa nilikuwa mtu mwenye kiburi, kaka. Kila nilipotumwa na kampuni kwenda kukagua kama injinia wake, nilisimama kwanza barabarani kuzitazama zile paneli zikimetameta kando ya njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu wa babu yetu aliipita na mzigo kichwani. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma. Hafsa, muuguzi wa zahanati, aliniambia ameacha kuzalisha wanawake akiwa ameng'ata tochi kwa meno. Baba naye alikuwa akiwaambia watu kanisani, bila kuulizwa, kwamba ule umeme ni wa binti yake. Sikatai kwamba masika yaliyopita, mawingu yalipokaa siku kadhaa, mashine ya kusaga ilizimwa ili friji ya chanjo ipate umeme, na akina mama walirudi na mahindi yao kichwani wakinitaja kwa jina. Hilo nalo ulikuwa umelisema.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita nyumba ya betri iliungua.

Hafsa ndiye aliyenipigia, jua likiwa linazama. Alisema kuna moto kituoni, Masolwa ameungua mikono, wanamtafutia gari la kumpeleka hospitali ya Kitete, hapa mjini. Masolwa ndiye mlinzi wetu, yule Msukuma mrefu aliyehamia Ipole na ng'ombe wake wachache, anayemtania kila mtu. Asubuhi nikafika na Injinia Nurdini, mkuu wetu aliyetoka Dar es Salaam. Paneli zote zilikuwa zimesimama salama, zinakusanya jua la bure na kulipeleka kusikokuwa na kitu. Nyumba ya betri ilibaki kuta. Makabati yalikuwa yameyeyuka na kuinama kama watu wanaotafuta sindano chini. Nilisimama mlangoni, kaka. Mlangoni palepale kibao chetu kilikuwa bado kinasomeka: usiingize maji, usiguse nyaya, na picha ya sigara iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Injinia Nurdini ni mtu makini, simsemi vibaya. Alipiga picha, akapima, akachuchumaa. Karibu na mlango, mahali ambapo moto haukufika sawasawa, aliona matone ya nta yamegandia sakafuni. Akasimama, akasema ameelewa: mlinzi alikuwa anawasha mishumaa humu ndani. Habari hiyo ilituwahi kufika sokoni. Kufikia mchana watu walikuwa wanacheka kwamba Msukuma ameingia nyumba ya umeme na mshumaa, pengine alitaka kuuonyesha umeme njia. Na mimi nilicheka. Nilicheka kidogo, kwa hasira.

Halafu Injinia alipokwenda kuongea na simu, niliinama nikabandua tone moja kwa ukucha, nikalisugua kati ya vidole. Ile haikuwa nta ya dukani. Ilikuwa ya kahawia, laini, na chini ya harufu ya plastiki iliyoungua kulikuwa na harufu ambayo mimi na wewe tulilelewa nayo, ile iliyokuwa kwenye mablanketi yetu, kwenye nywele za mama, kwenye koti la baba. Nikainua macho nikaona tundu la hewa juu ya ukuta. Wavu wake ulikuwa umetoka.

Nilijua palepale kilichotokea, kaka. Sikujua ni nani. Au tuseme sikutaka kujua, na hayo mawili yanafanana sana ukiwa umesimama kwenye majivu.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa anafua koti la baba, lile zito la kwenda porini, na kulifua katikati ya wiki si kawaida yake. Baba alisema hana njaa. Hakuniuliza chochote kuhusu kituo, yeye ambaye huniuliza hata kama paneli zinasikia baridi. Nilikula peke yangu, nikarudi mjini.

Kesho yake nikaenda Kitete kumwona Masolwa. Mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Nilimwuliza ni nani aliyeingia naye mle ndani. Akasema, "Injinia, wewe andika mshumaa." Nikamwambia hapakuwa na mshumaa, palikuwa na nyuki, nimeiona nta yao. Akageuzia uso ukutani. Akasema tena niandike mshumaa, kwa sababu mshumaa hauna watoto wa kuaibika. Nilitoka pale nikijiambia kwamba sikumwelewa. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka Chemchem.

Mkutano wa kijiji uliitishwa Alhamisi iliyopita. Injinia Nurdini alieleza kwa utaratibu kwamba moto umesababishwa na uzembe wa mlinzi, kwamba Masolwa akitoka hospitali atakabidhiwa polisi, na kwamba wakubwa wanafikiria kung'oa paneli na kusimamisha vijiji vingine vilivyokuwa kwenye foleni. Nilidhani watu watalalamika. Hawakulalamika. Mzee mmoja alisema jua limewachoma shambani miaka yote halikutosheka, sasa limewafuata mpaka ndani ya nyumba. Mama mmoja muuza dagaa akasimama akasema wachukue tu hayo madirisha yao, sisi tutangoja umeme wa makaa, ule usiojua mawingu wala mishumaa. "Si Mathias wa Mzee Ngollo yuko hukohuko? Atutumie hata debe moja tuanzie!" Watu wakacheka sana, wengine wakapiga makofi. Ukumbini pale ungeshinda, kaka, bila kufungua mdomo.

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa benchi la mbele pamoja na wazee wenzake wa kanisa, kofia juu ya goti, anaitazama kofia.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikasema ile nta si ya mshumaa, ni ya nyuki. Nikasema bumba la nyuki lilihamia kwenye kabati la betri kupitia tundu la hewa, likaanza kujenga masega, na kuna mtu aliyewafukiza moshi ili kuwatoa. Nikakaa.

Sikumtaja mtu. Lakini wewe ni wa kwetu, unajua kwamba Ipole kusema nyuki kunatosha. Nyuki wakiingia mahali pa watu hawamwagiwi dawa wala maji ya moto. Anaitwa mwenye mkono mwepesi, anakuja na kienge chake cha magome, anawafukiza taratibu, anawahamishia mzingani. Ni nani anayeitwa? Wakati shule yetu ilipoingiliwa aliitwa nani? Kanisani, juu ya kinanda, aliitwa nani?

Hakuna aliyegeuka kumtazama. Hilo ndilo lililonigandisha mwili, kaka, na mpaka naandika hapa bado sijayeyuka. Kama wangekuwa hawajui, wangegeuka. Wote walikuwa wanatazama chini. Yule mama wa dagaa aliyekuwa anacheka alikuwa anatazama chini. Waliona bumba likiingia, waliona moshi, wengine walimwona akipita na kienge. Walikubaliana, pengine bila hata kukaa kikao, kwamba mzee wa kanisa asiguswe na Msukuma mgeni aende jela. Na mimi, kwa muda wa siku zile zote, nilikuwa mmoja wao.

Baba akasimama. Alianza kwa Kinyamwezi, akaacha, akarudia kwa Kiswahili ili Injinia asikie. Alisema ni yeye. Masolwa alimfuata akamwambia mafundi wanakuja kesho yake na watawapulizia nyuki dawa, basi akaenda awahamishe kabla hawajauawa. Alisema alisoma kibao cha mlangoni vizuri. Maji hakuwa nayo, nyaya hakuzigusa, na sigara hajavuta tangu azaliwe, ingawa tumbaku amelima maisha yake yote. Alidhani ameruhusiwa. Cheche ikaangukia maboksi matupu yaliyokuwa mle ndani, na Masolwa akayavuta kwa mikono mitupu ili moto usifike kwenye betri. Haikusaidia.

Injinia akamwuliza, kwa upole, kwa nini alinyamaza. Baba hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. Akasema aliogopa watu watasema umeme aliouleta binti umechomwa na baba yake, na jina langu lingeishia hapo. Alidhani ananilinda, na kila siku aliyonyamaza ndiyo iliyokuwa inaniua. Kisha akasema maneno ambayo ningependa uyasikie kwa sauti yake na si kwa mwandiko wangu: kwamba sisi ni uzao wa wapagazi, na mpagazi anaweza kuanguka, anaweza hata kuvunja pembe ya ndovu aliyopewa, lakini hamtwishi mwenzake mzigo wake halafu akaendelea na safari mikono mitupu. "Nimemtwisha Masolwa," akasema. Akavaa kofia yake, akatoka kwenda Sikonge polisi na mwenyekiti wa kijiji, kwa hiari yake.

Waliandika maelezo yake wakamruhusu kurudi, ameambiwa asubiri. Paneli nazo zinasubiri. Hafsa alimkamata Injinia nje ya ukumbi akamwambia kwamba makaa yakija yatakaribishwa, ila mama anayejifungua kesho hawezi kuambiwa avumilie mpaka mtambo ujengwe. Sijui kama aliyasikia. Sina tena hamu ya kushindana nawe, kaka. Nilidhani swali ni jua au makaa. Sikujiuliza hata siku moja ni nani atakayeungua mikono, na tutamtazama au tutatazama chini.

Tangu Ijumaa baba yuko hapa mjini. Analala kwangu, na asubuhi anatembea kwenda wodini kumlisha Masolwa, kwa sababu hawezi kushika kijiko. Jana niliwakuta. Baba alikuwa anapuliza uji, anausogeza mdomoni kwa adabu kana kwamba anamlisha bwana harusi, na Masolwa akarudisha kichwa nyuma akasema, "Mzee, unafuka moshi huo. Unataka kunihamishia mzinga gani tena?" Baba alitetemeka nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Walicheka wote wawili mpaka uji ukamwagika kwenye shuka, na mimi nikabaki mlangoni na chupa ya chai.

Lililobaki ni ombi. Nyuki hawakufa. Wamejishika chini ya safu ya mwisho ya paneli, bumba kubwa, na kampuni imesema wasipoondolewa watapuliziwa dawa. Baba amekataa kugusa kienge. Anasema mkono wake si mwepesi tena. Kijiji kizima kinamngoja mwingine, na mwingine aliyefundishwa na baba ni mmoja tu, nawe unajua ni nani. Omba ruhusa, njoo. Njoo na mkono wako, ule wa kabla ya mashine. Mzinga nimeshautafuta.

Mama anakubusu kwenye paji la uso, anasema ujifunike kifua. Masolwa anakusalimu ingawa hamjaonana. Baba hajui kama nimekuandikia, lakini leo, bila sababu yoyote, ameniuliza basi la kutoka kusini hufika hapa siku gani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Levina Ngollo