Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Uji, usafi, darasa, tena uji. Jioni matroni kanipa zamu ya kuhesabu wasichana bwenini. Nikatazama vitanda.

"Hayupo Paulina."

"Nimekuuliza idadi, mama, siyo jina."

Bweni zima likacheka. Paulina alikuwa bombani tu. Kwetu Enguserosambu watu hawahesabiwi, wala ng'ombe. Baba husimama langoni mwa boma, ng'ombe wanaingia, anasema yule wa madoadoa hajarudi. Basi. Sasa naitwa Madam Hesabu. Sina wa kumweleza.

Jumanne, 4 Machi

Sir wa hesabu kaandika ubaoni 1,000,001. Inagawanyika, au ni namba tasa? Ijumaa mtu aje aeleze kwa Kiingereza. Atakayeweza ataenda mashindano ya shule, Arusha. Nafasi moja. Naitaka sana. Ila Kiingereza changu kiko kwenye daftari, mdomoni hakifiki.

Jumatano, 5 Machi

Kwa 3, inabaki 2. Kwa 7, inabaki 2. Kwa 11, 2. Kwa 13, 2 tena. Haielewani na yeyote. Nimeanza kuipenda.

Paulina, anayetoka Buger, akachungulia kutoka kitanda cha juu yangu. "Bado tu? Hiyo tasa, shosti. Lala."

Alhamisi, 6 Machi

Nimeacha kugawanya. Nimeitazama tu, kama baba langoni. Moja mbele, moja nyuma, sufuri katikati. Nikaikata mbili mbili: 1, 00, 00, 01. Kama 1,001 inavyogawanyika kwa 11, hii nayo kwa 101. 9,901 mara 101. Yaani 990,100 ongeza 9,901. Haibaki kitu.

Nimecheka peke yangu nyuma ya jiko. Halafu nikamwonyesha Paulina, kwa Kiswahili na mikono. "We mtoto, we," akasema.

Ijumaa, 7 Machi

Darasa zima: tasa. Paulina akanisukuma kwa kiwiko. Nikaenda, nikaandika hesabu yote ubaoni.

"Sasa eleza," Sir akasema.

Maneno hayakuja. Chaki ikavunjika. Mtu huko nyuma: "Madam Hesabu, tuhesabie basi."

Paulina akasimama, akaeleza kila kitu kwa Kiingereza fasaha. Kisha: "Ni yake, Sir. Siyo yangu."

"Najua. Lakini Arusha wanauliza kwa mdomo."

Anaenda Paulina.

Jioni kaniuliza kama nimemchukia. Nimesema hapana. Nimemchukia kidogo. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Paulina kaondoka asubuhi na sweta yangu. Yake ina tundu.

Mvua. Wiki nzima nilikuwa na 1,000,003. Nimejaribu tasa zote hadi elfu moja. Haigawanyiki. Hii ni tasa kweli. Nikainua kichwa nimwambie mtu. Kitanda cha juu kimetandikwa.

Jioni matroni alisimama mlangoni. Hakutaka idadi.

"Naserian, nani hayupo?"

"Hayupo Paulina."

Hakuna aliyecheka.