Mzee Harlan, Louisville Bado

Mzee wangu Harlan,

Ni mimi, Mama Riziki, ule mwenye alikuwa anakuosha na kukulisha supu. Najua Kiswahili husikii, ata ukiwa mzima ulijua "pole" na "kula" tu. Lakini mambo ya mtu mimi naisema na luga yenye inatoka vizuri mu kinywa. Na sasa umekufa, huwezi kuniambia ninyamaze uangalie golfu yako, basi sikiliza.

Bon. Kwanza habari ya nyumba. Ile ya Cheektowaga imeshaingia watu wengine, wako na mbwa wawili. Vikombe vyako vya ushindi mtoto wako Lisa alivipeleka kwa duka ya vitu vya kuzeeka. Kimoja nimekiona mu dirisha, wametia maua ya plastiki ndani. Fimbo zako za golfu, zile ulikuwa unanikataza ata kupanguza vumbi, jirani alizichukua, sasa zinashikilia nyanya mu bustani yake. Nyanya nzuri, Mzee. Alinipa mfuko.

Na weye walikuchoma. Kwetu mu milima ya Kivu mtu hachomwi, mtu anazikwa na watu wanalia. Nilipoona kale kabokisi ka majivu nilisema, mtu mrefu namna ile, mwenye nilikuwa naumia mgongo kumugeuza, njo huyu?

Tena hakuna mtu alikuja kukulilia. Wale wamama wa klabu wenye uliwafundisha kupiga mpira miaka yote ile hapa Buffalo, ata mmoja. Donc nikasema haiwezekani, mtu hawezi kuenda bila kilio. Nikafanya kilio kwangu, West Side. Wamama wa kanisa wakaleta sombe, yale majani ya muhogo, maharagi, mchele, wakavua viatu kwa mlango, wakakaa chini. Nikamualika na Lisa, mwenye alikuwa ametoka Columbus kuja kutoa vitu mu nyumba yako. Sikuamini atakuja, juu wakati wote ulikuwa unagonjwa hakukanyaga. Alikuja. Ana kidevu yako. Akakaa pembeni ya binti yangu Neema, na Neema anamutafsiria kila kitu mu sikio.

Kwetu mu kilio lazima mtu asimame aseme maisha ya marehemu, tangu kuzaliwa. Nani atasema yako? Mimi. Na unanijua, sikufupisha.

Nikasema ulizaliwa Louisville, ukiwa kijana ulikuwa unabeba mifuko ya matajiri kwa uwanja, na ulikuwa unaniambia mimi na weye ni wa kijiji kimoja, juu na mimi Amerika nilianzia Louisville, mu depo ya viatu. Nikasema chuo cha Columbus walikusomesha bure juu ya mikono yako ya golfu tu. Nikasema ulifanya golfu kuwa kazi, unalala mu gari, unazunguka nchi yote, siku zingine unashinda kidogo, siku zingine unarudi na njaa. Kisha nikafika kwa ile siku kubwa ya mashindano ya Columbus, yenye ulikuwa unanihadisia kila asubuhi na supu kwa shati. Tundu ya mwisho, watu wamejaa, mpira uko karibu na tundu kama kutoka kwa kitanda yako mpaka kwa friji. Unainama. Na hapo mtoto mmoja anapiga chafya, mpira unapita pembeni. Lakini ulishinda tu, ulisema.

Ile ya chafya niliicheza, Mzee. Nilifanya chafya kubwa, nikafanya na weye umekasirika, nikasema kale katoto ka makamasi, mama yake alikuwa wapi. Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu. Na Neema anatafsiria tu.

Kisha pasta akasimama kufunga. Unajua desturi yetu, hapana, hujui. Pasta anauliza: "Kama kuna mtu marehemu alimukosea, aseme leo, ili aende mwepesi." Hakuna mtu anajibu pale. Kama uko na machungu unaimaliza kabla, mu jikoni, polepole. Pasta akiuliza watu wanaangalia chini, anasema amina, tunakula. Lakini hakuna mwenye alimuambia Lisa. Neema akatafsiria, na Lisa akafikiri wanamuuliza kweli.

Akasimama. Akasema: "Ule mtoto ni mimi. Na sikupiga chafya."

Alisema hukushinda ile siku, wala siku ingine kubwa. Alisema mikono yako ilitetemeka, ukasukuma ukakosa, ukasukuma tena ukakosa, karibu namna ile ata mimi ningeweza. Kisha ukageuka mbele ya watu wote ukamunyooshea fimbo, mtoto wako mwenyewe, ukasema ni huyu. Magazeti wakaandika. Kwa shule watoto wakawa wanapiga chafya akipita. Akakua, akazeeka kidogo, anangoja useme ilikuwa mikono. Mikono ilikukatalia tangu pale, golfu yako ikaisha, ukaenda kufundisha wabibi wa matajiri, na bado ulikuwa unasema ni chafya.

Kisha akaniangalia mimi. Akauliza kama kwa kitanda, mwishoni, ulisema jina yake.

Mzee, mimi niko na jibu ya kila kitu. Wamama wote walikuwa wananiangalia niseme ndiyo. Ningesema ndiyo ingenikosti nini? Lakini ile kidevu yako ilikuwa inanitazama. Nikasema hapana. Nikasema ulikuwa unasema tu "mtoto mmoja".

Pasta maskini, jasho inamutoka, akamuuliza sasa kama anakuachilia, juu njo namna tunafunga. Akasema: "No." Ata Mama Esperanse, mwenye hajui Kingereza ya kununua mkate, alisikia.

Alikula lakini. Sombe alirudilia. Kwa mlango akaniambia ulitaka kuwekwa Louisville pembeni ya mama yako, lakini yeye hakupeleki, na kama nikipita Columbus nimuletee sombe. Akakuacha kwa kiti, mu kabokisi kako. Mume wangu amekataa majivu ya mtu mu nyumba, donc uko kwa veranda, karibu na mfuko wa chumvi ya kuyeyusha theluji. Usiniangalie mubaya.

Sasa mwezi wenye unakuja tunaenda harusi Louisville. Tutapita Columbus, nitashuka kwa Lisa. Mu gari nafasi iko, ata ungekaa mu magoti yangu. Sikupeleki. Ni yeye njo atasema, si mimi.

Kitu yenye nakuahidi ni hii. Kila mahali nilihadisia ule ushindi, kwa kanisa, kwa basi, kwa saluni ya Mama Esperanse, nitarudi niseme ni mikono, mtoto alikuwa ametulia. Nitaanza leo. Na siku Lisa atakubali, nitakubeba mwenyewe mpaka kwa mama yako, nikikuimbia njia yote.

Lala, Mzee. Baridi ikianza nitakufunika na blanketi. Yeye amekungojea tangu akiwa mtoto. Na weye ngoja.

Mama Riziki