Bendera ya Kijani

Jumatatu, 13 Januari
Baba Ngoy amekwenda tena kufyeka majani relini. Treni ya mgodini haipiti tangu mwaka juzi, wala yeye si mfanyakazi wa reli tena. Anasema ikirudi isikute pori. Mume wangu huyo. Nimesonga bukari, nimefua, basi.

Jumamosi, 18 Januari
Alipofyeka pamekuwa njia ya kila mtu. Baiskeli za makala zenye magunia ya mkaa, wamama wa mashambani, wanakwaya, vijana wa footing wakikimbia mazoezi. Wanamshukuru. Yeye anawapigia filimbi watoke. Hawatoki. Nilicheka, akaninunia mpaka jioni.

Alhamisi, 30 Januari
Askari wamepora maduka mjini. Sasa wanang'oa na reli, wanauza chuma. Wameanzia upande wa kiwanda, wanakuja huku. Baba Ngoy ametoa bendera zake za kazi chini ya kitanda: nyekundu ya kusimamisha treni, kijani ya kuiruhusu. Amezifua mwenyewe. Naogopa.

Jumanne, 4 Februari
Lori limefika. Baba Ngoy kasimama katikati ya reli na bendera nyekundu. Wakataji walioshuka ni wenzake wa zamani wa relini, njaa imewaleta. Walipoiona bendera wakaweka vyombo chini, wakangoja. Mazoea tu. Askari aliyewaleta akafoka, akakoki bunduki. Hakuna aliyesogea.

Nilikimbia nyumbani, nikachukua ya kijani, nikamtia mkononi.

"Baba Ngoy, bape njia. Miye niko nakutaka muzima."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Halafu akaiinua. Wakakata.

Ijumaa, 7 Februari
Nampa bukari. Hali. Panga lake la kufyekea limetundikwa ukutani. Nimemvunja mume wangu. Ningefanya tena.

Jumatatu, 17 Februari
Reli hazipo, watu bado wanapita. Kwa mvua hizi majani yamefika kifuani. Jana baiskeli ya makala ilimgonga mama mmoja penye kona, hawakuonana. Mguu umevunjika. Nilimsimulia Baba Ngoy. Akageukia ukuta.

Jumatano, 19 Februari
Mvua asubuhi. Panga halikuwepo ukutani. Nilitoka mbio kumtafuta.

Nilimkuta penye kona, kafyeka pande zote mbili. Baiskeli ya makala ilikuwa inateremka. Akapiga filimbi, wamama wakajisogeza pembeni. Akainua bendera ya kijani. Baiskeli ikapita.

Nimempelekea bukari huko huko. Amekula yote.