Maneno ya Mama kwenye Filamu

Mlowo, Mbozi

Kaka yangu Ezron,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Morogoro, pamoja na wifi Nuria na watoto. Sisi tupo. Mahindi tumeshavuna, kahawa tunachuma, na miguu ya mama bado imevimba, kwa hiyo kumwogesha na kumgeuza ni kazi yangu kama kawaida. Ningepiga simu, ila wewe kwenye simu una tabia ya kukatiza watu. Hapa utasoma mpaka mwisho.

Ujumbe wako kuhusu ile filamu niliupata. Umesema ni filamu nzuri, na kwamba ulilia ukumbini kumsikia mama, kwamba hatimaye na sisi Wanyiha tumeonekana. Ukauliza: kama mama ameweza kumkaribisha Mwislamu mbele ya kamera, je, hawezi kumkaribisha Nuria Krismasi hii? Maana ni miaka tisa tangu aseme mke wako hatakanyaga jikoni kwake, wala wewe.

Haya. Wale watu wa filamu nilikuwa nawapikia pale Tunduma. Hadithi yao ilikuwa ya watu wasiojuana wanaokwama pamoja kwenye foleni ya malori. Barnaba, mwongozaji wao, alikuwa na orodha: dereva wa Zambia mmoja, mfanyabiashara Mwislamu mmoja, mlemavu mmoja, bibi wa Kinyiha mmoja, utadhani ametumwa viungo vya pilau. Bibi akakosekana, nikampeleka mama, wakati huo bado akitembea kwa fimbo. Akaambiwa aongee Kinyiha, chochote kile, kwa kuwa wao walitaka sura tu. Mama akaniuliza kama picha hiyo itafika uliko. Nikamjibu itafika.

Basi akamshika mkono yule mwigizaji mwenye ushungi, akaongea mpaka machozi yakamtoka. Barnaba akafurahi mno. Akaniuliza amesema nini, nikamwambia anamkaribisha mgeni chai.

Baadaye wakaona watazamaji hawataelewa. Wakanichukua hadi studio Mbeya, wakaizima sauti ya mama yote, nikaweka yangu kwa Kiswahili, nimeikwaruza kizee. Ile "karibu mwanangu, unywe chai, sote ni watu" ni mimi, Ezron. Umenililia mimi.

Alichosema mama ni hiki: "Nuria, mwanangu, mlete mume wako nyumbani. Mimi ndiye niliyekosa. Jiko langu ni lako. Nataka niwashike wajukuu zangu kabla sijafa."

Ningeweza kukueleza siku ileile. Sikutaka. Aliongea dakika nzima, akakutaja wewe, akamtaja mkeo, akawataja watoto ambao hajawahi kuwaona, na mimi niliyesimama pale nimemshikia fimbo yake sikutajwa hata mara moja. Roho iliniuma, na bado inaniuma.

Mama hajui kwamba sauti yake ilizimwa. Tangu filamu ilipotoka alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama umeiona. Kila gari likipunguza mwendo barabarani alitaka nimwinue akae vizuri. Ulipotuma ujumbe wako nikamwambia ukweli mtupu: kaka ameiona, amesema ni filamu nzuri. Hilo swali lako la Krismasi sikulifikisha.

Alisusa chakula siku mbili. Siku ya tatu akasema kama umesikia yale yote na ukajibu kwamba filamu ni nzuri, basi jina lako lisitajwe tena humu ndani, na siku ya kumzika usiitwe. Akawaita wazee wa kanisa wasikie, akalirudia mbele yao. Kisha akanishika mkono akaniambia, "Loisi, mtoto wangu ni wewe tu."

Nimelisubiri neno hilo tangu utotoni, kaka, na sitakwenda kumwambia kitu kitakachomfanya alifute. Ukimwandikia, msomaji wa barua zake ni mimi.

Krismasi msije. Wifi nampa pole, watoto nawabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Loisi